Mafundo Manne ya Akiba

Nilisema uongo. Naomba tuanzie hapo ili tusisumbuane, maana kila ninayekutana naye siku hizi anadhani ana habari mpya ya kunipa. Kwa miaka mitano niliandika uongo ubaoni kila asubuhi, kwa chaki nyeupe, tarakimu kubwa za kusomeka hata na mzee aliyesahau miwani yake nyumbani. Kuitwa mwongo hakuniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba uongo ule tuliusema wawili, na anayeitwa mwongo ni mmoja.

Mtaa wetu una kisima kimoja. Zamani tulikuwa na bomba la jiji, lakini jiji lilikua kwa fujo, nyumba juu ya nyumba, na bomba lile likabaki kukohoa upepo. Ndipo tukachanga, tukachimba kisima chetu wenyewe nyuma ya ghala la mbao, tukajenga kibanda cha pampu na koki nne za kuchotea, tukachagua kamati. Rafiki yangu, mwanamke mwenzangu na fundi cherehani, akawa mwenyekiti kwa sababu ana mdomo. Mimi nikawa mpimaji kwa sababu, kama alivyosema yeye mwenyewe siku ile, nina mkono mtulivu na sina haraka ya kwenda popote. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao.

Kupima maji si kazi ya kila mtu, ingawa ukiitazama kwa mbali unaona mama anachezea kamba. Pembeni ya pampu kuna bomba jembamba linaloshuka hadi chini kabisa ya kisima. Unateremsha humo kamba ya katani yenye nati nzito mwishoni, na kamba hiyo ina fundo kila baada ya mita moja. Nati ikigusa chini, unaivuta juu na kuhesabu mafundo yaliyolowa, kwa kuwa katani ikilowa inageuka rangi na huwezi kukosea. Yakilowa mafundo ishirini, basi kisimani kuna maji ya mafundo ishirini. Unaandika ubaoni, na mtaa mzima unajua hali yake kabla haujachemsha chai. Watoto waliniita Mama Kamba, na baadaye hata wazazi wao wakaniita hivyo.

Mwanzoni niliandika ukweli mtupu. Halafu kikaja kiangazi kimoja kirefu. Niliandika kumi na nane, na watu waliposoma kumi na nane wakasema aa, maji yapo. Mwosha magari akaendelea kuosha magari. Mwenye nyumba ya kona akafyatua matofali. Kuna mama mmoja, simtaji na yeye anajijua, alikuwa anamwagia barabara maji ili vumbi lisimchafulie mapazia. Nikaandika kumi na mbili, wakasema bado. Siku niliyoandika tisa walikuja wote na madumu kwa pamoja, kila mmoja akitaka kumwahi mwenzake, na jioni ile pampu ikavuta tope, mota ikaungua. Tulikaa wiki tano bila maji. Nilimwona bibi wa nyumba ya tatu akikinga kwa kikombe maji yanayodondoka kwenye friji ya duka la nyama. Niliona aibu utadhani kisima nimekikausha mimi.

Mota ilipotengenezwa, kamati ikaweka masharti na kuyaandika chini ya ubao. Maji yakizidi ishirini, kila nyumba madumu sita kwa siku. Kati ya ishirini na kumi na tano, madumu manne. Chini ya kumi na tano, mawili tu, na biashara zinazokula maji zifungwe. Chini ya kumi, pampu izimwe. Wote wakainua mikono. Mwenyekiti alipotoka mkutanoni hakwenda kwake, alinifuata hadi jikoni kwangu, akafunga mlango.

Hakuwa na imani na mikono ile iliyoinuliwa. Alisema watu wetu anawajua vizuri, wakiona kumi na moja watasema bado moja, na wakiona kumi watagombana kama ni kumi kasoro au kumi kamili. Akanishika goti, kama anavyofanya akitaka jambo lake.

"Tuwafichie mafundo manne," akasema. "Iwe akiba. Wakijua ipo wataila, kwa hiyo tuijue mimi na wewe tu."

Nikamuuliza, je, tukigundulika?

"Tutajibu wote wawili. Nimewahi kukuacha lini?"

Na ni kweli hakuwahi kuniacha. Tulifika mtaani hapa tukiwa maharusi wapya, vyumba vyetu vikitazamana kwenye ua mmoja, tukiazimana chumvi, viatu na siri. Mume wangu alipofariki, rafiki yangu alilala chumbani kwangu wiki tatu, akinilazimisha kula na kunitania mpaka nilipocheka kwa mara ya kwanza nikajiona mkosefu. Sare ya kwanza ya shule ya binti yangu aliishona yeye. Binti yangu anamwita mama mkubwa mpaka leo. Kwa hiyo nilichukua kamba nikakaa chini. Yeye aliikaza kwa mikono miwili, mimi nikafungua mafundo manne ya kwanza kutoka kwenye nati kwa ncha ya uma. La tatu lilikuwa gumu, likanishinda. Akanipokea, akalifungua yeye kwa meno.

Tangu siku hiyo kamba yenyewe ikawa inahesabu pungufu. Aliyesimama kando yangu asubuhi aliona ninahesabu kwa haki, fundo moja, fundo la pili, wala hakuna nililoruka. Mtu akiuliza mbona huku chini hakuna mafundo, tulikubaliana nijibu kwamba huo ni mkia wa tope, hauhesabiwi. Waliuliza watu wawili katika miaka yote mitano, na wote wawili waliridhika.

Mpango ulifanya kazi, hilo mtu asiniondolee. Pampu haikuvuta tope hata siku moja. Mitaa ya jirani ilikuwa inalia, sisi tunateka. Walikuja wageni na madaftari kutuuliza tunafanyaje, Mwenyekiti akawaeleza habari za nidhamu na umoja, na mimi nyuma yake nimetulia kama maji mtungini. Nilijisikia fahari, nisiseme uongo mwingine. Nilikuwa ninaamka alfajiri na kufunga kitambaa kichwani nikijua jambo ambalo mtaa mzima haulijui, tena jambo jema, na nililijua pamoja na mtu niliyempenda.

Sasa nifike kwa binti yangu. Alikuwa na saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu. Viti viwili, kioo kirefu, na drai moja ya kukaushia nywele aliyoipata baada ya kusuka watu barazani kwa miaka miwili. Kuosha nywele kunakula maji. Kiangazi cha mwaka wa tatu wa siri yetu, kamba ilisoma kumi na nne, na kwa masharti saluni inafungwa. Kisimani kulikuwa na kumi na nane. Nilikwenda kwa Mwenyekiti nikamsihi tupandishe fundo moja tu, mtoto asikose riziki yake. Akakataa. Alisema leo ni binti yangu, kesho ni dada yake yeye anayefua mashuka ya nyumba ya wageni, na keshokutwa hakuna akiba tena. Niliona yuko sahihi, nikamheshimu zaidi.

Binti yangu alinijia kisimani mbele ya watu, akaniomba ndoo mbili tu kwa siku. Nilimjibu kwa sauti, ili foleni nzima isikie kwamba Mama Kamba hana upendeleo. Nilimwambia asome ubao kama wenzake. Saluni ilifungwa miezi minne. Wateja wakahamia barabara kuu, drai ikauzwa, na binti yangu akaenda kuosha vichwa kwenye saluni ya mtu mwingine. Yuko huko mpaka sasa.

Halafu yakaja maghorofa. Ng'ambo ya barabara, palipokuwa na karakana, yaliota matatu kwa mwaka mmoja, na wapangaji wake wakawa wanapandisha madumu ngazi kwa ngazi hadi orofa ya tano. Mwenye maghorofa aliomba avute bomba kutoka kisimani kwetu. Kanuni ya kamati ilikuwa wazi, mtu wa nje hapewi maji mpaka ubao usome ishirini mwishoni mwa kiangazi, na ubao haukuwahi kusoma hivyo. Mwaka jana diwani wetu akahamishia maisha yake kwingine, kiti kikabaki wazi, na Mwenyekiti akachukua fomu.

Nilifurahi, nani asingefurahi. Nilizunguka naye nyumba kwa nyumba nikibeba picha zake na chupa yake ya maji. Lakini kuna mambo niliyaona nikajifanya kipofu. Aliacha kuja asubuhi kwenye kupima. Akawa anazungumza na mwenye maghorofa ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kwenye majengo yale kulikuwa na wapiga kura wengi kuliko mtaa wetu wote, na mgombea mwenzake alikuwa ameshawaahidi matangi. Wiki moja kabla ya mkutano wa mtaa aliniambia nije na kamba, watu waione kwa macho yao, ni mambo ya uwazi tu. Nikaifua. Ndiyo, niliifua kamba kwa sabuni na kuianika juani, ili isimwaibishe rafiki yangu mbele za watu.

Mkutano ulikuwa Jumapili alasiri, kiangazi kikiishia, kwenye uwanja wa kisima, viti vya kukodi na kipaza sauti kilichokuwa kinapiga mluzi kila akisogea. Mwenyekiti alivaa gauni la bluu alilojishonea mwenyewe. Alianza kwa kunisifu, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, maana hajawahi kunisifu bila kunitania. Kisha akamwita mbele fundi mwashi na tepu yake, akampa kamba yangu, akamwambia apime kutoka kwenye nati hadi fundo la kwanza.

"Mita tano," mwashi akasema.

Wengine hawakuelewa. Mwenyekiti akawaelewesha polepole, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba. Alisema fundo la kwanza lilipaswa kuwa kwenye mita ya kwanza. Alisema maji ya mafundo manne yamefichwa kwa miaka, na viangazi vyote walivyobanana na madumu mawili, haki yao ilikuwa manne. Alisema amegundua juzi tu, na roho imemuuma kwa sababu kamba hiyo inalala nyumbani kwa mtu anayempenda kama ndugu yake wa damu. Hakusema maji yaliuzwa wala hakusema yaliuzwa kwa nani. Waliokaa nyuma walijiuliza wenyewe na kujijibu wenyewe.

Nikasimama. Nilisema ni kweli mafundo niliyafungua, lakini hatukuuza hata kikombe kimoja, ilikuwa akiba ili pampu isivute tope tena, na tulifanya wawili, jikoni kwangu, na fundo la tatu alilifungua yeye kwa meno. Nilipotaja meno watu wakacheka. Nikamgeukia, nikamngoja aseme.

"Mwenzangu," akasema kwenye kipaza sauti, "umeniumiza, na nimekusamehe. Lakini usinitie mimi kwenye hili."

Aliniruka kimanga, mchana kweupe, bila kupepesa jicho. Kisha akawaomba watu wasinitukane wala wasinirushie kitu. Alisema mimi ni mjane, pengine nilikuwa na sababu zangu. Wakampigia makofi kwa huruma yake. Nimetukanwa sana tangu siku ile, sokoni, kwenye foleni, hata na mtu aliyekuja mtaani mwezi uliopita, lakini matusi yote kwa ujumla wake hayajanikera kama huruma ile. Mkutano huohuo ukapitisha kamba mpya, mpimaji mpya na bomba la maghorofa, kwa kuwa ukirudisha yale manne, ubao sasa ulisoma ishirini na mbili. Kamba yangu waliiacha juu ya kiti, nikaichukua.

Binti yangu alikuwa safu ya nyuma, mtoto wake mgongoni. Tulipofika nyumbani alimlaza mtoto, akaja akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mwaka ule ubao ulisema kumi na nne. Ilikuwa ngapi?"

"Kumi na nane."

"Sawa, mama."

Nilitaka apige kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, kelele ninayo majibu yake. Nikamweleza mwenyewe bila kuulizwa, habari ya tope, habari ya akiba, habari ya mama yake mkubwa aliyekataa fundo moja tu la kumwokolea saluni. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, kwa adabu yake yote, kwamba mama mkubwa hajawahi kumwambia mbele za watu aende kusoma ubao. Kisha akaenda kuota moto wa jiko la nje, na chakula cha jioni tulikula kila mtu na sahani yake mahali pake.

Kesho yake nilikwenda kwa rafiki yangu. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni, mguu unakanyaga. Aliwatoa wanafunzi wake wawili wa kushona, akaondoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mto wake. Nilidhani atalia. Mimi ndiye niliyelia. Aliniambia nitulie nifikiri kwa akili, hasira niiweke pembeni. Kama angekubali kwamba tulikuwa wawili, tungezama wawili, na kiti angekichukua yule mwanamume wa matangi asiyejua hata kisima chetu kiko upande gani. Mmoja akibaki juu, atamvuta mwenzake.

"Utanivuta lini?" nikamuuliza.

"Uchaguzi ukipita. Nitasimama palepale nieleze kila kitu. Wakati huo watanisikiliza."

Nilimwamini. Kwa hilo najichukia kuliko hata zile tarakimu. Alikuwa ametoka kunichinja jana yake mbele ya mtaa mzima, na mimi nikakubali kungoja, kwa sababu nilikuwa nimeshamwamini miaka thelathini na sikujua namna nyingine ya kukaa naye. Nikafunga mdomo miezi miwili. Wakiniita mwizi wa maji, nasema moyoni subirini tu. Kuna siku mama wa mapazia, yuleyule wa kumwagia vumbi, alinitemea mate karibu na mguu, na mimi nikamtazama kwa upole wa mtu anayejua kesho itakuwaje.

Uchaguzi ukapita. Alishinda, na maghorofa yalimpa kura karibu zote. Niliketi uwanjani siku ya kumpongeza, nyuma kabisa, nikingoja sehemu yangu. Alishukuru watu wengi kwa majina na vyeo vyao, akashuka jukwaani, akaingia kwenye gari. Nilipompigia simu mara ya kwanza alisema yuko kikaoni. Mara ya pili ikapokewa na sauti ya mtu nisiyemjua, akaniuliza mimi ni nani na shida yangu ni nini. Mara ya tatu sikupiga.

Mpimaji mpya ni fundi baiskeli. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye, lakini mkono wake umezoea spana. Nati ikigusa chini, kamba inalegea kidogo sana kiganjani, na inabidi usimame papo hapo. Yeye hausikii ule mlegeo. Anaendelea kuachia, kamba inajikunja majini kule chini, halafu inatoka imelowa kupita kina cha maji yenyewe. Nilimwona kwa macho yangu mara tatu, mita nne za ziada, mita tano, kisha anaandika ubaoni na kufuta chaki kwenye suruali. Nilimfuata karakanani kwake nikamweleza taratibu, nikamwonyesha kwa waya wa breki jinsi kiganja kinavyotakiwa kukaa. Akacheka bila ubaya.

"Sasa Mama Kamba," akasema, "unataka na mimi nipunguze?"

Kiangazi hiki ubao ukafika kumi na tano, madumu manne kwa kila nyumba, na bomba la maghorofa linaunguruma mchana kutwa. Jana saa saba, koki zikiwa zimefungwa kwa mapumziko ya mchana, nilikwenda na kamba yangu. Nilikuwa nimeshayafunga upya mafundo yote manne. Mlinzi wa pampu aliniacha niingie, nadhani aliona mzee aliyestaafishwa anaikumbuka kazi. Niliteremsha. Nati ikagusa, nikasimama, nikavuta. Mafundo kumi. Nikarudia, yakawa kumi. Pampu imening'inizwa kwenye fundo la nane, na kwa jinsi maghorofa yanavyovuta, mafundo mawili ni siku tatu, labda nne.

Nilimwambia mlinzi. Alinijibu kwamba ubao unasema kumi na tano. Nilimwambia jirani yangu wa kushoto, mwalimu wa hesabu, nikidhani yeye hesabu atazielewa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza siku hizi nalala vizuri. Nikaona basi, mtaa na ufanye utakavyo, lakini nyumba yangu haitakaa wiki tano bila maji na mtoto mdogo ndani.

Binti yangu alikuwa na siku yake ya mapumziko. Nilimkuta uani, beseni kubwa mbele yake, mtoto amevuliwa nguo tayari kuoga, na madumu yetu manne ya siku hiyo yamepangwa ukutani, yote yamejaa. Nilimwambia asimwage hata tone. Nilimwambia tuyaweke hayo, tujaze kila sufuria na kila chupa, na zamu yetu ya kesho na keshokutwa tusiache kuteka, kwa sababu kisimani yamebaki mafundo kumi na nimepima mwenyewe sasa hivi.

Alinitazama. Hakuwa na hasira, ningependa awe nayo.

"Hiyo kumi ni ya ubaoni au ya kweli?"

"Ya kweli, mwanangu."

"Na ile kumi na nne uliponiambia nikasome, si uliniambia ni ya kweli?"

Alifuta mikono kwenye gauni, akachukua simu yake dirishani. Sikujua anampigia nani mpaka niliposikia salamu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Alipokewa na mwenyewe, papo hapo. Simu ya binti yangu ina sauti kubwa, unasikia hata usipotaka. Aliulizwa hali ya mtoto, akajibu. Aliulizwa hali ya kazi, akajibu. Kisha akauliza kwa heshima kama maji kisimani yapo, maana hapa nyumbani anaambiwa yanaisha. Nilimfikiria rafiki yangu, nikamwomba kimyakimya, kwa miaka yote ile, aseme tu kwamba mama yako anajua kupima.

"Maji yapo tele, mwanangu," akasema. "Ni mama yako tena? Mvumilie."

Binti yangu akamshukuru, akakata. Hakunigombeza. Alinishika mkono akanikalisha kwenye kigoda taratibu, akanitia mto mgongoni. Kisha akainua dumu la kwanza akalimimina lote kwenye beseni, akafuata la pili. Mtoto akacheka, akayapiga maji kwa viganja vyote viwili, yakaruka hadi ukutani na kuteremka kwenye mfereji. Ni mimi peke yangu pale uani niliyejua yamebaki kiasi gani, na sikumkataza.